Mbwa Ale Mara Ngapi kwa Siku? Kutafuta Tatizo kwa Kufuata Dalili

Swali la "mara ngapi" kwa kawaida huulizwa tatizo likishatokea. Mbwa anatapika povu la njano alfajiri, au anamaliza bakuli na bado mbavu zinahesabika, au anaharisha kila jioni. Jibu la haraka huwa "mwongezee mlo mmoja", na hapo mambo huharibika zaidi, maana mlo ulioongezwa bila kupunguza mingine ni chakula kilichoongezwa. Idadi ya milo ni namna ya kugawa chakula cha siku nzima. Kiasi ni hesabu nyingine kabisa. Kabla hujagusa ratiba, jua mambo matatu: mbwa anapata kiasi gani kwa saa 24, nani anampa, na saa ngapi hasa. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazina jibu la hayo matatu. Asubuhi anapewa na dada wa kazi, usiku na mlinzi, na katikati watoto wanamrushia vipande vya chapati.

Ratiba ya kuanzia

Dalili zote zilizo hapa chini zinapimwa kwa ratiba hii.

Wiki 6 hadi 12: milo 4, kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni na saa 4 usiku.
Miezi 3 hadi 6: milo 3.
Miezi 6 na kuendelea: milo 2, iliyoachana saa 10 hadi 12. Kwa joto la Dar, saa 1 asubuhi na saa 1 usiku ni nyakati nzuri.
Mbwa mzee au mwenye meno mabovu: milo 2 au 3 midogo, chakula laini.
Jike anayenyonyesha: milo 3 au 4, na kwake kiasi nacho kinapanda.

Mbwa mzima mwenye afya anaweza kuishi kwa mlo mmoja, na mbwa wengi wa ulinzi mjini wanaishi hivyo. Ila mlo mmoja mkubwa huchangia matatizo kadhaa kati ya yaliyomo humu, na moja kati ya hayo huua ndani ya saa chache. Ile imani kwamba mbwa akishiba halindi haina msingi. Mbwa hulinda kwa tabia yake, mafunzo yake na kulijua eneo lake. Mwenye njaa ndiye rahisi kuchukua kipande cha nyama chenye sumu kilichorushwa juu ya ukuta.

Kuhusu kiasi, mbwa wa kienyeji wa kilo 20 asiye na kazi nzito anahitaji takribani kilokalori 1,000 kwa siku. Kwa chakula kikavu cha dukani hiyo ni gramu 270 hadi 300, kulingana na kilichoandikwa kwenye mfuko. Kwa chakula cha kupika nyumbani, anzia hapa: unga wa dona gramu 150 (utatoa karibu nusu kilo ya ugali), mapafu au nyama ya kuchemsha gramu 200, dagaa wakavu gramu 50, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, na mboga kidogo kama karoti au mchicha. Dagaa waoshe vizuri, kwanza kuondoa mchanga, pili chumvi. Mchanganyiko huu unamtosha mbwa mzima kuanzia, lakini si chakula kamili kwa mtoto wa mbwa anayejenga mifupa, ambaye kwa kila kilo ya mwili anahitaji karibu mara mbili ya anachohitaji mzima. Huyo tafutie chakula cha watoto wa mbwa, au mwombe daktari wa mifugo akupangie.

Kupima uzito si lazima uende kliniki. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa tofauti. Kupima hali ya mwili ni rahisi zaidi: pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Mbavu zikigusika kama mifupa ya mgongo wa kiganja chako, yuko sawa. Zikisimama kama vifundo vya ngumi, amekonda. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa. Rudia kila wiki mbili na uandike, kwa sababu jicho linalomwona mbwa kila siku halioni mabadiliko.

Anatapika povu la njano alfajiri

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote kwa mbwa wanaokula mara moja. Mbwa mchangamfu, kinyesi kizuri, lakini kati ya saa 10 alfajiri na saa 1 asubuhi anatoa kimiminika cha njano chenye povu bila chakula ndani. Ile njano ni nyongo. Tumbo likikaa tupu muda mrefu, nyongo hupanda kutoka kwenye utumbo na kuunguza ukuta wa tumbo.

Cha kuangalia kwanza ni saa. Hesabu saa kati ya mlo wa mwisho na kutapika. Zikizidi 12, umeshapata mshukiwa mkuu. Foleni inachangia: anayeishi Chanika au Bunju na kufanya kazi Posta hulisha saa 11 alfajiri na kurudi saa 3 usiku. Hiyo ni milo miwili kwa jina, lakini pengo moja ni la saa 16, na mbwa wake atatapika jioni badala ya asubuhi.

Dawa ni kusogeza na kugawa. Toa robo ya chakula cha siku, mpe kama kitafunio saa 3 au 4 usiku kabla hujalala. Robo tatu zilizobaki zigawe kwenye milo miwili ya kawaida. Kama pengo lako kubwa ni la mchana, aliyebaki nyumbani ampe robo hiyo mchana. Fuata hivyo siku 7. Ikiwa ni tumbo tupu tu, kutapika kutapungua ndani ya siku 3 au 4.

Isipopungua, sababu zinazofuata kwa mpangilio wa wingi ni hizi: mafuta mengi (ngozi ya kuku, mabaki ya kitimoto, mafuta ya kukaangia chipsi), majani na takataka alizookota, minyoo, halafu magonjwa ya tumbo, ini au kongosho ambayo huwezi kuyatambua kwa macho. Kongosho huvimba hasa baada ya mlo mmoja wenye mafuta kupita kiasi, ndiyo maana sikukuu ni msimu wake. Mbwa husimama mgongo umepinda, hataki kuguswa tumbo.

Acha kujaribu nyumbani kama ametapika zaidi ya mara 3 ndani ya siku moja, kuna damu au kitu cheusi kama kahawa iliyosagwa, hawezi kushikilia hata maji, au ni mtoto wa chini ya miezi 6.

Anarudisha chakula dakika chache baada ya kula

Chakula kinatoka kizima, mara nyingi kikiwa na umbo la mviringo mrefu, bila tumbo kubanwabanwa. Hiyo si kutapika hasa. Chakula hakikufika tumboni au kilifika kwa kasi mno. Karibu kila mara sababu ni kula haraka, na anayekula haraka ni mwenye njaa ya mlo mmoja au anayeshindana na mbwa mwenzake bakuli moja.

Watenganishe, kila mmoja bakuli lake na kona yake. Mwagia chakula kwenye sinia pana badala ya bakuli lenye kina, au weka ndani ya bakuli jiwe safi, laini, kubwa kuliko mdomo wake, alazimike kulizunguka. Kisha gawa mlo mmoja kuwa miwili. Akiendelea kurudisha hata chakula laini kilichotolewa kidogo kidogo, kuna tatizo la koo au umio, na hilo ni la daktari. Mtoto wa mbwa anayerudisha tangu alipoanza chakula kigumu apelekwe bila kusubiri.

Tumbo limejaa kama ngoma, anajaribu kutapika hakitoki kitu

Hapa hakuna cha kuangalia kwanza. Ni dharura.

Tumbo limejaa gesi na huenda limejipinda, damu hairudi vizuri kwenye moyo, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Dalili: anahangaika, anakaa na kuinuka, anatoa mate mengi, anabanwa kama anayetaka kutapika bila kutoa chochote, tumbo upande wa nyuma ya mbavu ni gumu na linatoa sauti ukiligonga. Wanaoathirika zaidi ni mbwa wakubwa wenye kifua kirefu: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, Great Dane. Ndio hasa wanaonunuliwa kwa ulinzi hapa mjini.

Ratiba ya ulinzi wenyewe inawaponza. Mbwa amefungiwa bandani mchana kutwa, saa 2 usiku anapewa beseni moja la ugali, anameza kwa dakika mbili, mlango wa banda unafunguliwa, anaanza kukimbia na kuruka ukutani. Badilisha mpangilio: mlo wa kwanza asubuhi akirudishwa bandani, wa pili saa 12 jioni, na afunguliwe saa 2 usiku au baadaye. Wataalamu hushauri apumzike saa moja hadi mbili kabla ya mazoezi makali. Maji yawepo muda wote, ili asinywe ndoo nzima kwa mara moja.

Usimpe soda, magadi, maziwa wala mafuta ya kula "kutoa gesi". Usimtoboe. Piga simu kliniki ukiwa njiani, uulize kama wanaweza kufanya upasuaji usiku huo, ili usizunguke na mbwa mahututi kutoka Mbezi hadi Masaki. Namba hiyo itafute leo, wakati mbwa mzima.

Anamaliza chakula lakini amekonda

Watu hukimbilia minyoo. Minyoo ni kweli ipo, lakini anza na bakuli.

Kwanza, je, ni yeye anayekimaliza? Chakula kinachoachwa nje kutwa mjini hapa kinaliwa na kunguru, na wanakila upesi kuliko unavyodhani. Usiku ni zamu ya panya. Mwenye nyumba akirudi anaona bakuli tupu, anaridhika. Mlishe ukiwa umesimama hapo, mpe dakika 15 hadi 20, kisha ondoa bakuli. Kanuni hii ina faida ya pili: mkojo wa panya kwenye bakuli hubeba leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliujua kwa jina la homa ya mgunda mwaka 2022 ulipozuka mkoani Lindi. Unampata mbwa, na unampata binadamu.

Pili, ndani ya bakuli kuna nini? Ugali mtupu uliolainishwa kwa maji yaliyochemshiwa dagaa unajaza tumbo na kuacha misuli ikiisha. Pumba ni mbaya zaidi, inapita tu. Mbwa huyu unaweza kumlisha mara 5 kwa siku na asinenepe. Pima protini: kwa mbwa wa kilo 20, chini ya gramu 150 za nyama, mapafu, samaki au miguu ya kuku kwa siku ni kidogo. Vichwa vya samaki kutoka Feri ni rahisi na vizuri, lakini vichemshe hadi mifupa ipondeke kwa vidole, au toa mifupa kabisa.

Tatu, minyoo. Mtoto wa mbwa hupewa dawa kuanzia wiki 2, kila wiki 2 hadi afike wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3 maisha yake yote. Dawa hupimwa kwa uzito, kwa hiyo nenda duka la dawa za mifugo ukiwa na kilo mkononi. Vipande vidogo vinavyofanana na mchele karibu na mkia ni tegu, na hao wengi huletwa na viroboto. Usipoua viroboto tegu watarudi. Mapafu na maini ya machinjioni, yawe ya Vingunguti au ya bucha la mtaani, yachemshe dakika 30 au zaidi baada ya kuyakata vipande. Yakiliwa mabichi yanaweza kumpa mbwa minyoo midogo ambayo mayai yake humletea binadamu uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Watoto wanaocheza na mbwa ndio walio hatarini.

Nne, kupe. Joto la pwani linawafaa mwaka mzima. Magonjwa wanayoyaleta hula chembe za damu polepole: fizi zinapauka, homa inakuja na kuondoka, mkojo unaweza kuwa wa rangi ya kahawa. Inua mdomo wa juu uone fizi. Zinatakiwa ziwe za waridi; nyeupe ni safari ya kliniki siku hiyohiyo. (Kwa mbwa wenye fizi nyeusi, angalia utando wa ndani wa kope.)

Mwisho ni magonjwa adimu zaidi. German Shepherd kijana anayekula kama gunia lisilo na chini huku akitoa kinyesi kingi, cheupecheupe na chenye mafuta, huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya vya kusagia chakula. Mbwa wa makamo anayekula sana, kunywa maji sana, kukojoa sana na bado kukonda, apimwe sukari. Yote mawili yana matibabu, lakini hayaponi kwa kuongeza milo.

Ananenepa ingawa "anakula mara mbili tu"

Anakula mara nne. Mbili hujaziona. Bandika karatasi karibu na mfuko wa chakula, kila anayelisha aweke alama. Au asubuhi pima chakula chote cha siku kwenye kopo moja, kopo likiisha basi hadi kesho. Vitafunio vyote, pamoja na chapati ya watoto, visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku.

Baada ya kuhasiwa au kufungwa kizazi mahitaji hushuka, kwa hiyo punguza kama robo na upime tena baada ya wiki 4. Kama kiasi kimepimwa kweli na bado unene unapanda, hasa kwa mbwa mzito, mvivu, anayenyonyoka manyoya, tezi zake zinahitaji kupimwa.

Anaharisha, hasa jioni au siku ya pili ya sufuria

Utaratibu wa nyumba nyingi ni kupika sufuria moja asubuhi na kugawa mara mbili. Wazo zuri, kasoro iko kwenye zile saa 11 za katikati. Sufuria ya ugali, mapafu na dagaa ikikaa jikoni kwa joto la nyuzi 32 za mwezi wa Februari, saa 12 jioni si chakula tena. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na siku za joto kali, saa moja. Kukipasha moto tena hakutoshi, kwa sababu baadhi ya sumu zinazoachwa na vimelea haziondoki kwa kuchemsha.

Njia za kulitatua, kuanzia nyepesi: gawa chakula kwenye vyombo viwili vifupi mara tu kinapopoa, cha jioni kiingie friji. Umeme ukikatika zaidi ya saa 4, kitupe. Bila friji, mpe cha kupika asubuhi na cha dukani kikavu jioni, nusu kwa nusu kwa hesabu ya kalori na si kwa vikombe, maana kikombe cha punje kavu kina nguvu zaidi ya kikombe cha ugali. Au pika mara mbili, sufuria ndogo.

Kama si sufuria, angalia haya:

1. Umebadili chakula ghafla. Badilisha kwa siku 7: robo mpya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, kisha kipya chote.
2. Mlo ni mkubwa kuliko tumbo. Kinyesi cha asubuhi ni kigumu, cha baada ya mlo mkubwa ni uji. Gawa kiasi kilekile kwa milo mitatu.
3. Mabaki ya mezani. Mchuzi una kitunguu, na kitunguu maji pamoja na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mwezi wa Ramadhani angalia zaidi, kwa sababu jiko la nyumba linahamia usiku na mbwa hujikuta na mabaki ya futari na daku juu ya milo yake.
4. Maziwa ya ng'ombe, kwa mbwa wengi wazima.
5. Minyoo na vijidudu vya utumbo.

Mbwa mzima aliye mchangamfu mpe siku 2 au 3 za wali mlaini na kuku wa kuchemsha bila ngozi wala mfupa, wali vikombe viwili kwa kuku kikombe kimoja, milo 4 midogo. Hapa ndipo kuongeza idadi ya milo kuna maana hasa. Maji safi muda wote. Mahitaji ya kawaida ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, na anapoharisha yanapanda. Vuta ngozi ya shingoni na uiachie: ikirudi polepole, na fizi zikiwa kavu, ameishiwa maji.

Mtoto wa mbwa asiye na chanjo anayeharisha damu yenye harufu kali huku akitapika, mchukulie kuwa ana pavo, ugonjwa hatari wa kirusi cha utumbo, hadi daktari aseme vinginevyo. Usijaribu wali. Usisubiri kesho. Mtenge na wengine, kwani kirusi chake hukaa kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi.

Hataki kula

Mwezi wa Januari na Februari mbwa mzima kuacha mlo wa mchana ni kawaida kabisa. Mwili unakwepa joto. Sogeza mlo uwe kabla jua halijachomoza sawasawa na baada ya kuzama, uone. Mbwa aliyezoeshwa vinono naye hugomea ugali kwa sababu anajua nyama itakuja. Weka bakuli dakika 15, ondoa, usimpe kitu hadi mlo unaofuata. Mbwa mzima mwenye afya hawezi kujiua kwa njaa kwa kususa. Njia hii usiitumie kwa mtoto wala kwa mbwa mdogo wa kilo 2 au 3.

Angalia unga. Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa huathirika nayo kwa urahisi. Unga wenye harufu ya uvundo uliokataliwa jikoni usipelekwe bandani. Dalili ni kukosa hamu ya kula, kutapika, macho na fizi kuwa njano. Njano yoyote ni kliniki.

Kisha mdomo: jino lililooza, mfupa uliokwama kaakaani, kidonda. Na hapa pana onyo zito kuliko yote yaliyo kwenye ukurasa huu. Mbwa anayetaka kula lakini hawezi kumeza, anatokwa mate, taya limelegea, sauti ya kubweka imebadilika, au tabia imegeuka ghafla kuwa ukali au unyonge usio wa kawaida, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Anafanana mno na mwenye mfupa kooni. Usitie mkono mdomoni. Mfungie alipo bila kumgusa, watoe watoto, mpigie simu ofisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa, au aliyepatwa na mate kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo hata kama jeraha ni mkwaruzo. Ugonjwa huu dalili zikishatokea kwa binadamu hauna tiba. Mbwa wako achanjwe kuanzia miezi 3 na kurudiwa kama daktari atakavyopanga. Ni jambo la kawaida kurudia kila mwaka.

Mbwa mzima asiyekula kwa saa 24 na amenyong'onyea, au saa 48 hata kama anaonekana mzima, aonwe na daktari. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, linalopimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, 39.5 kwenda juu ni homa. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Diclofenac na ibuprofen hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa, na paracetamol inaweza kuharibu ini na damu yake.

Mtoto wa mbwa analegea, anatetemeka, anayumba

Sukari imeshuka. Huwapata zaidi walio chini ya miezi 4, hasa aina ndogo kama Maltese, waliopitisha usiku mrefu bila chakula au walioachwa na milo 2 kama wakubwa. Kama ana fahamu, pakaza asali au sukari iliyolainishwa kwa maji kwenye fizi zake, kiasi cha nusu kijiko cha chai. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Akiinuka ndani ya dakika 5 hadi 10 mpe chakula laini kidogo, mfunike, kisha mpeleke kliniki, kwa sababu nyuma ya sukari kushuka mara nyingi pana minyoo au pavo. Asipoinuka, nenda hapohapo. Halafu rudi kwenye milo 4, ule wa saa 4 usiku usirukwe.

Anakula kinyesi, anapekua jalala

Kwa watoto ni udadisi na huisha. Kwa mzima, hakikisha kiasi na protini kwanza, minyoo pili, kisha ondoa kinyesi uani mara tu kinapotoka. Pilipili iliyonyunyizwa juu ya kinyesi haisaidii kitu.

Jike ananyonyesha na anakonda kwa kasi

Wiki ya 3 na ya 4 baada ya kuzaa ndio kilele cha maziwa. Mwenye watoto wengi anaweza kuhitaji mara mbili hadi nne ya chakula chake cha kawaida. Tumbo halimudu hicho chote kwa milo 2. Mpe milo 4, au mwachie chakula kikavu muda wote mahali kunguru hawafiki, na umpe cha watoto wa mbwa kwa sababu kina nguvu na madini zaidi. Watoto waanze uji wa chakula laini wiki ya 3 au 4, mzigo umpungukie.

Akianza kukakamaa, kutetemeka misuli, kuhema sana na mwili kuwa wa moto, kalsiamu imeshuka. Watoe watoto kwake na umkimbize kliniki. Sindano ya kalsiamu huchomwa na daktari polepole huku akisikiliza moyo, si kazi ya kujaribu nyumbani.

Unapokwenda kliniki

Beba sampuli ya kinyesi kwenye kikopo safi chenye mfuniko, isizidi saa chache. Piga picha ya alichotapika na ya mfuko wa chakula. Andika saa ya mlo wa mwisho, kiasi, uzito wa mbwa, tarehe ya dawa ya minyoo, na ubebe kadi ya chanjo. Kama ni kutapika, usimlishe njiani wala kumpa maziwa "apate nguvu", maana huenda akahitaji dawa ya usingizi na tumbo lililojaa ni hatari. Aliyeshuka sukari ndiye peke yake unayempaka kitu fizini ukiwa safarini.